Mkwakwani: uwanja wa Wagosi, hati ya chama

Wadau, wengi tunaujua Mkwakwani kwa mechi tu. Mwenye uwanja ni CCM, sawa na Kirumba wa Mwanza na Sokoine wa Mbeya. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja vya namna hii vikabaki kwa chama. Kwa hiyo Coastal Union (Wagosi wa Kaya) na African Sports (Wana Kimanumanu) wote ni wapangaji tu.

Hapa ndo nyumbani kwa Coastal iliyobeba ubingwa wa Bara 1988. Msimu wa 2015/16 Tanga ilikuwa na timu tatu Ligi Kuu, ya tatu Mgambo JKT. Zote zikashuka pamoja! Coastal ikarudi 2018.

Agosti 2023 Simba iliifunga Yanga kwa penalti hapahapa, fainali ya Ngao ya Jamii. Ila 2024 Coastal ilipokutana na Bravos ya Angola, Kombe la Shirikisho Afrika, mechi ya "nyumbani" ilipigwa Dar. Mgosi wa Ngamiani akaishia kusikiliza redioni.

Mpangaji hajengi jukwaa. Je, klabu zetu zitafute kiwanja chao, au tuendelee kupanga? Wadau mnasemaje?