Uvimbe wa Taya Ulioifichua Seli

Mwaka 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa wodini Mulago, Kampala, amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Wiki chache baadaye akamwona mwingine Jinja. Uvimbe huo wa saratani haukuwa mgeni: madaktari wa hospitali ya Mengo walikuwa wameuchora tangu zamani katika kumbukumbu zao, ila hakuna aliyeshituka.

Burkitt alishituka. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walijipakia kwenye Ford kuukuu, wakazunguka hospitali baada ya hospitali kwa wiki kumi, safari ya maili 10,000 hivi, wakiuliza swali moja: mnao hapa? Ramani iliyotokea ilifuata joto na mvua. Nyanda za juu zenye baridi ziliachwa. Gilbert Dalldorf, aliyefanya utafiti Kenya, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuihusisha malaria na uvimbe huo.

Kuhusu chanzo, London ilijibu kwa kirusi. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walikiona ndani ya seli za uvimbe zilizotoka Uganda. Jibu zuri, lakini nusu: watu wazima wengi duniani wanacho kirusi hicho na hawaugui saratani.

Nusu ya pili ilipitia Nairobi. Peter Clifford, aliyekuwa akiwatibu watoto hao kwa dawa katika hospitali ambayo leo ni Kenyatta, alipeleka vipande vya uvimbe Stockholm kwa Eva na George Klein. Mwaka 1968 wakaripoti kwamba seli hizo zilivaa kingamwili aina ya IgM juu ya ngozi yake. Basi asili yake ikajulikana: seli B, askari wa kinga aliyeasi.

Aliasije? Seli B hukata DNA yake yenyewe ili kuboresha kingamwili, kazi ya hatari ambayo malaria huizidisha. Mwaka 1972 Manolov na Manolova waliona kromosomu ya 14 ya seli hizo imerefuka. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha kipande hicho cha ziada kilitoka kwenye ya 8. Mwaka 1982 ikabainika kuwa kipande hicho kilibeba jeni MYC, inayoamuru seli igawanyike. Ilipohamia jirani na jeni za kingamwili, zisizolala katika seli B, nayo haikulala tena.

Mwaka huohuo wa 1976, madaktari wa Ufaransa, Marekani na Uingereza waliipa seli hiyohiyo, ikijaa kwenye uboho badala ya taya, jina la lukemia L3. Shirika la Afya Duniani liliweka lukemia hiyo na uvimbe wa taya chini ya ugonjwa mmoja mwaka 2001.