Mwanafunzi Anayefundisha: Mazoezi ya Ualimu na Kiswahili katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo wengi wetu tumelipitia bila kuitazama historia yake, nalo ni mwanafunzi wa chuo kikuu kupelekwa darasani kuwafundisha wengine kabla hajamaliza kusoma, na kazi hiyo kuhesabiwa katika shahada yake. Katika vyuo vingi vya Marekani jambo hili hufanyika ndani ya chuo chenyewe: mwanafunzi wa shahada ya kwanza humsaidia mhadhiri kuwaongoza wenzake walio nyuma yake, na kazi hiyo ikahesabiwa kama somo mojawapo. Kwetu Kenya msaidizi wa mhadhiri kwa kawaida ni mtu aliyekwisha kupata shahada. Ufundishaji wa mwanafunzi unaohesabiwa ni ule wa mazoezi ya ualimu shuleni. Swali letu ni hili: katika mazoezi hayo, ni nani mwenye haki ya kusema kwamba mwanafunzi amefundisha? Tutalitazama kwa kulihusisha na somo la Kiswahili katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi, maarufu kwa jina la Eastlands, kwani huko ndiko swali hilo linakokuwa zito zaidi.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kufundisha huku ukisoma si desturi ya kuja na vyuo vikuu. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mwanafunzi aliyetangulia aliwasomesha wadogo herufi na sura fupi, naye mwalimu akapata nafasi ya kuwashughulikia wakubwa. Hakuandikiwa alama yoyote. Ushahidi wa kazi yake ulikuwa wale wadogo wenyewe, waliposoma mbele ya mwalimu. Huko Madras, Uhindi, mwishoni mwa karne ya 18, Andrew Bell alitumia njia inayofanana na hiyo katika shule ya mayatima, akaitangaza kwa maandishi mwaka 1797. Joseph Lancaster naye akaieneza kutoka London. Mwaka 1846 serikali ya Uingereza ikaweka kanuni mpya: kijana wa umri wa miaka 13 hivi aliandikishwa kuwa mwanagenzi wa ualimu kwa muda wa miaka 5, akilipwa posho ndogo, na kila mwaka akatahiniwa na mkaguzi wa serikali. Hapo ndipo mwamuzi alipobadilika. Kilichopimwa sasa kilikuwa mwanagenzi mwenyewe. Wale aliowafundisha waliachwa kando.

Mazoezi ya ualimu tunayoyajua leo yanafuata zaidi njia hii ya pili. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kujitegemea mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilipovunjwa. Mwaka 1978 Kitivo cha Elimu kilihamishwa kutoka huko kikapelekwa Kenyatta, mahali palipokuwa kambi ya jeshi la Uingereza zamani, na mwaka 1985 Kenyatta ikawa chuo kikuu kamili. Mwaka huo huo mfumo wa 8-4-4 ulianza kutumika, na Kiswahili, ambacho kamati ya Gachathi ilikwisha kupendekeza mwaka 1976 kiwe somo la lazima, kikawa cha lazima na cha kutahiniwa. Mahitaji ya walimu wa Kiswahili yakaongezeka ghafla. Mwanafunzi aliyekwenda mazoezini hakuwa tena mtu wa kujaribiwa tu, bali pia mfanyakazi aliyehitajiwa.

Tuone basi mwanafunzi huyo alikuwa akienda mahali gani. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika, na katika sehemu yake ya Majengo walikaa Waislamu wengi waliotumia Kiswahili. Shauri Moyo ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1930, kijiji cha Pangani kilipobomolewa. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, Mbotela na Ofafa katika miaka ya 1950, na Dandora katika miaka ya 1970. Majina ya mitaa hii yanasema mengi. Mbotela ni kumbukumbu ya Tom Mbotela aliyeuawa mwaka 1952, mwana wa James Mbotela, mwandishi wa *Uhuru wa Watumwa*. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefika huko akidhani kwamba anawapelekea watu Kiswahili alikuwa amechelewa. Kiswahili kilikuwa kimemtangulia katika majina ya mitaa, sokoni na misikitini, kikikaa pamoja na Kikuyu, Kijaluo, Kikamba, Kiluhya na Kiingereza.

Lugha aliyoikuta midomoni mwa vijana ilikuwa Sheng. Abdulaziz na Osinde wameeleza kwamba Sheng ilianza katika mitaa hii ya Mashariki katika miaka ya 1970; Alamin Mazrui, mwaka 1995, alirudisha chanzo chake nyuma hadi miaka ya 1930. Hatuna haja ya kuamua hapa nani mwenye hoja nzito zaidi. Linalotuhusu ni kwamba mwanafunzi-mwalimu hakufunzwa kuitazama Sheng isipokuwa kama kosa la kusahihishwa.

Tuchukue mfano mmoja. Mtoto anasema *tulidishi*, akiwa na maana ya 'tulikula'. Mzizi umetoka katika neno la Kiingereza la sahani au chakula. Lakini *tu-* ni kiambishi cha nafsi, *-li-* ni kiambishi cha wakati uliopita, na vyote viwili vimekaa mahali pake kwa mujibu wa sarufi ya Kiswahili. Mwalimu aweza kulipiga neno hilo msalaba mwekundu, na hatakuwa amekosea kwa kipimo cha Kiswahili sanifu. Aweza pia kuliandika ubaoni, awaulize watoto ni sehemu zipi tunazozijua, kisha aweke *-l-* au *-chez-* mahali pa ule mzizi, na kutoka hapo afundishe mpango mzima wa viambishi. Njia ya kwanza inalingana kwa urahisi na andalio la somo na fomu ya mtathmini aliyeketi nyuma ya darasa. Ya pili ni ya hatari, kwani mtathmini aweza kuiona kama kuiruhusu Sheng darasani. Mwanafunzi ambaye shahada yake inategemea alama za dakika 40 hapana budi kulifikiria hilo.

Jirani zetu wa Tanzania waliwahi kulitazama jambo la mwamuzi kwa namna nyingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza, kisha waingie chuo kikuu wakiwa na mapendekezo ya mahali pa kazi na ya chama. Sharti hilo lilikuja kulegezwa baadaye, wala hatusemi kwamba chama ni mwamuzi mwema wa elimu. Lakini ndani yake mlikuwa na wazo kwamba jamii inayomtumia kijana ina neno la kusema juu ya maendeleo yake.

Kwetu pia uko ushahidi kwamba kazi ya mwanafunzi yaweza kuzaa zaidi ya alama zake. Mwaka 1986 Ken Osinde aliandika juu ya Sheng katika tasnifu yake ya shahada ya kwanza, Chuo Kikuu cha Nairobi. Haikuwa kazi ya ufundishaji, lakini ilikuwa kazi ya mwanafunzi iliyohesabiwa katika shahada. Miaka 11 baadaye, mwaka 1997, makala yake na Profesa Abdulaziz juu ya Sheng na Engsh yalichapishwa katika jarida la kimataifa la isimujamii, na hadi leo wachunguzi wanayarejelea. Kilichokuwa sharti la kuhitimu kiliingia katika hazina ya taaluma kwa sababu mwalimu wake alikubali kwamba mwanafunzi ameona jambo la kufaa.

Ni wanafunzi wangapi wa mazoezi wameketi muhula mzima mbele ya madarasa ya Eastlands, wakasikia maneno yakizaliwa na kufa, kisha wakarudi chuoni na fomu ya alama peke yake? Idara zetu zina uwezo wa kuwataka walete pia taarifa fupi ya lugha waliyoisikia, pamoja na maoni ya mwalimu wa shule na ya wanafunzi waliofundishwa, na kuiweka taarifa hiyo maktabani ambapo watakaofuata wataisoma kabla ya kwenda. Gharama yake ni karatasi na muda wa msomaji mmoja. Mpaka hapo tutakapofanya hivyo, mtoto wa Kaloleni ataendelea kumfundisha mwalimu wake, na sifa itaandikwa kwa jina la mwingine.