Ndege wa vuli Balambala

Balambala, ambayo ramani za zamani huiandika Mbalambala, ni mji mdogo na kaunti ndogo ya Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Uko kando ya Mto Tana, karibu kabisa na ikweta. Ukifuata mto kuelekea juu unakuta Hifadhi ya Taifa ya Rahole, na ng'ambo yake Mbuga ya Kora, alikouawa George Adamson mwaka 1989. Kwa watazamaji ndege eneo hili lina sifa mbili zinazogombana: ndege tele, taarifa haba.

Mvua za Oktoba hadi Disemba Wasomali wa hapa huziita deyr, na Waswahili huziita vuli. Neno hilohilo vuli ndilo tunalotumia kwa majira ya Ulaya na Asia majani yanapopukutika. Kwa ndege wahamao majira hayo mawili ni safari moja: wanaikimbia vuli ya kule ya baridi, wanaifuata vuli ya huku ya mvua. Wengi hawaji moja kwa moja. Husimama Sudan na Ethiopia kwa wiki kadhaa, wakila na kunenepa, kisha hushuka Kenya kuanzia mwishoni mwa Oktoba, wakati vichaka vya migunga vilivyokuwa vijiti vitupu vimeanza kutoa majani na wadudu.

Anayeonekana kwa urahisi zaidi ni kozi wa Amur (Falco amurensis). Uzito wake ni kama gramu 150, yaani mayai matatu ya kuku. Huzaliana kusini mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa China, hupitia kaskazini mashariki mwa India, kisha huvuka Bahari ya Arabu bila pa kutua. Mwaka 2012 walinaswa kwa makumi ya maelfu kwenye bwawa la Doyang, jimbo la Nagaland, wakauzwa kama kitoweo. Mwaka uliofuata wanakijiji waliacha, na Novemba 2013 watafiti wakawafunga ndege watatu vifaa vya setilaiti, wakawaita Naga, Wokha na Pangti. Mawimbi ya vifaa hivyo yalionyesha bahari ikivukwa kwa siku chache tu hadi pwani ya Somalia, na kutoka hapo safari ikaendelea kusini. Husaidiwa na upepo wa kaskazi unapoanza kushika, upepo uleule ulioleta majahazi Lamu na Mombasa. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi Maldivi, alipendekeza mwaka 2009 kwamba kereng'ende nao huvuka bahari hiyohiyo kwa upepo huo, na kwamba huenda ndio chakula cha kozi njiani. Wakifika bara hukuta kumbikumbi wakitoka ardhini baada ya mvua. Hapo kundi zima huzunguka angani jioni, likiwadaka kwa makucha na kuwala likiwa bado linaruka.

Kundi kubwa zaidi la wahamaji, hata hivyo, halionekani kabisa, kwa sababu hupita usiku. Tunalijua kutokana na Ngulia, hoteli ya kitalii kwenye ukingo wa mlima katika Tsavo Magharibi. Tangu mwaka 1969, kila Novemba na Disemba, watu wa kujitolea hukesha pale kwenye usiku wa ukungu usio na mwezi. Taa za hoteli huwachanganya ndege waliopoteza nyota. Hushuka vichakani, hunaswa kwa nyavu nyembamba, huvishwa pete mguuni na kuachiliwa. Waliovishwa pete wamefikia mamia ya maelfu, na baadhi yao wamepatikana tena Arabuni na katika nchi za uliokuwa Muungano wa Kisovieti. Ndege hao hawadondoki Tsavo kutoka mbinguni. Wengi wao wametoka Ethiopia, na kati ya Ethiopia na Tsavo kuna nchi hii kavu ya Wajir, Garissa na bonde la Tana. Ngulia ina taa, ukungu na watu wa kuhesabu. Balambala haina hata kimoja, ndiyo maana ndege walewale wanaopita juu yake hawamo katika daftari la mtu yeyote.

Miongoni mwao yumo shoro wa Basra (Acrocephalus griseldis), ndege wa kahawia mwenye mdomo mrefu anayezaliana katika mabwawa ya matete ya Iraki. Mabwawa hayo yalikaushwa kwa makusudi na serikali ya Saddam Hussein miaka ya 1990, na ndege huyu akaingia katika orodha ya walio hatarini. Bonde la chini la Tana ni mojawapo ya sehemu chache zinazojulikana anakokaa miezi ya baridi. Hivyo kichaka kinachofyekwa ukingoni mwa mto ni hasara pia kwa bwawa lililo kusini mwa Iraki.

Ndege wakaazi, ambao kwa wageni wengi ndio sababu ya safari, waelezwe kwa ufupi: kanga tumbusi mwenye kifua cha buluu na kichwa kitupu; mbuni wa Kisomali, ambaye shingo yake ni ya kijivu na ambaye tangu 2014 shirika la BirdLife humhesabu kuwa spishi ya pekee; kwenzi mwenye tumbo la dhahabu; na firigogo, ambao asubuhi hufika kwenye silanga kwa makundi kunywa, na dume huwapelekea makinda maji yaliyofyonzwa katika manyoya ya tumbo.

Kuhusu ndege adimu, kisa cha Garissa hakina mfano. Mwaka 1967 Melvin Traylor wa jumba la makumbusho la Field, Chicago, alitangaza spishi mpya, kidenenda wa Tana (Cisticola restrictus). Ni ndege mdogo wa kijivu na kahawia, wa aina inayowakatisha tamaa hata wazoefu, kwani videnenda hufanana kama punje za mtama. Ushahidi ni mizoga michache iliyokaushwa, iliyokusanywa Karawa, Ijara, Sangole, Mnazini na Garissa. Wa mwisho alipatikana mwaka 1972. Tangu hapo hakuna aliyeonyesha mwingine, na wataalamu wengi sasa wanadhani walikuwa machotara wa videnenda wa kawaida au ndege wa kawaida waliotambuliwa vibaya. Huenda wana haki. Lakini hoja ya kwamba hajaonekana ingekuwa na uzito zaidi kama watu wangekuwa wanatazama.

Na hawakuwa wakitazama kwa sababu zinazojulikana. Chama kilicho nyuma ya Nature Kenya kilianzishwa mwaka 1909, na matembezi yake ya Jumatano asubuhi Nairobi yamelea vizazi vya wapenzi wa ndege. Lakini Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikaa chini ya sheria ya hali ya hatari hadi 1991. Atlasi ya kwanza ya ndege wa Kenya, ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy, ilitoka mwaka 1989, kabla sheria hiyo haijaondolewa. Mradi wa Kenya Bird Map ulioanza 2013 uligawa nchi katika viraba vya takribani kilomita 9 kwa 9; mtu huingia kirabani, huandika kila ndege anayemwona au kumsikia, na hutuma kwa simu. Viraba vya Nairobi na Naivasha vimetembelewa mara nyingi mno. Vya Garissa ni hadithi nyingine, hasa baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, lililoua watu 148. Darubini shingoni karibu na kizuizi cha polisi ni jambo la kueleza kwanza, kutazama baadaye.

Kuna kikwazo kingine kisichotajwa sana. Ndege huwa wengi wakati wa deyr, na deyr ndiyo inayokata barabara. Mgeni huja Agosti au Februari, gari linapopita, kisha huondoka akisema ni nchi yenye mbuni na vumbi. Kuona ndege adimu wa Mandera, kwa mfano njiwa mwenye mabaka meupe mabawani (Streptopelia reichenowi), ambaye nchini Kenya hupatikana kando ya Mto Daua tu, ni safari ngumu zaidi bado.

Wanaokuwepo mwaka mzima ni wafugaji, na ujuzi wao si wa kubahatisha. Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer, alichapisha mwaka 1989 utafiti uliofanywa kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya: bila msaada, kutafuta mzinga kulichukua karibu saa 9 kwa wastani, wakimfuata ndege kiongozi wa asali, saa 3 na kidogo. Mchungaji wa Balambala anayemwita mbuni gorayo na kanga digiirin anajua pia ni siku gani ndege wageni walifika silangani. Kamati inayopitia taarifa za ndege adimu Afrika Mashariki hutaka picha au maelezo ya maandishi, na simu ya mchungaji siku hizi ina kamera.

Mwishoni mwa Machi na Aprili, mvua za gu, yaani masika, zinapokaribia, wahamaji hugeuka. Mmoja wao, shoro wa majimaji (Acrocephalus palustris), ambaye ndiye anayenaswa kwa wingi Ngulia, hubeba kitu anaporudi. Wimbo wake wote ni wa kuiga. Françoise Dowsett-Lemaire aliwasikiliza nchini Ubelgiji na kuchapisha matokeo mwaka 1979: madume hao waliiga jumla ya spishi 212, na 113 kati yake zilikuwa za Afrika, nyingi za mashariki. Kila dume alikuwa na sauti za spishi 76 kwa wastani, zote zilizokusanywa katika mwaka wake wa kwanza, njiani na vichakani huku.