Nyumba Inayofunguliwa Idd na Harusi



Siku chache kabla ya Idd, nenda bandarini Malindi, Unguja, uangalie boti za Pemba zinavyojaa. Kina mama wamebeba mapazia mapya, makatuni ya vyombo, nguo za watoto na zawadi za majirani. Wakifika, kazi ya kwanza ni kufungua nyumba iliyofungwa tangu Idd iliyopita: kuondoa utando wa buibui, kuosha sakafu, kuanika magodoro juani. Siku kumi baadaye kufuli linarudi mlangoni.

Nawe bi harusi unayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Maskati, huenda umeshaambiwa kuwa nikaha itafungwa Pemba, kwenye nyumba ya baba. Kuta zitapakwa rangi kwa ajili yako. Leo natamani tuizungumze historia ya nyumba hii ya pili, kwa sababu ndani yake mna haki ya mwanamke ambayo wengi wetu tumeiacha mikononi mwa watu wengine.

Wa mjini walipokuwa wakenda shamba

Visiwani kwetu, kuwa na nyumba mbili si jambo geni. Katika karne ya 19, wakubwa wa Unguja walikuwa na nyumba mjini na nyingine shamba. Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki 1856, alikuwa na jumba mjini na kasri la Mtoni, pwani, nje ya mji. Hapo Mtoni ndipo alipozaliwa binti yake Sayyida Salme mwaka 1844. Baba alipofariki, Salme alipata fungu lake la urithi, na shamba likiwamo, akaishi kwa muda Kizimbani na baadaye Bububu. Haya ameyaeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Dada yake, Bi Khole, alikuwa na jumba lake Bungi. Magofu yapo hadi leo, pamoja na njia yake maarufu ya miembe.

Tusisahau kuwa raha ya majumba yale ilibebwa na mikono ya watumwa. Utumwa haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897. Lakini tuzingatie na hili: wanawake hawa walimiliki mali kwa majina yao, kwa sababu sheria ya dini iliwapa fungu lao.

Pemba ilipata nafasi yake baada ya tufani ya 1872. Tufani ile iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichokuwa ghala la karafuu. Wenye mashamba waliokaa Chake Chake, Wete au Unguja walihamia shamba msimu ulipofika, wakarudi mjini karafuu zilipokwisha kuuzwa. Na tofauti na Unguja, mikarafuu ya Pemba haikuwa ya matajiri wachache tu. Wapemba wengi wa kawaida walikuwa na yao, miti michache hapa na michache pale. Mwanamke alikuwa katikati ya kazi: kuchambua karafuu usiku kwa taa, kutenga makonyo, kuanika kwenye majamvi na kuyakimbilia mvua inapotaka kunyesha.

Njia ilipogeuka

Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilichukua ardhi, na mashamba makubwa yakagawiwa wananchi kwa eka tatu tatu. Wenye majumba wengi waliondoka. Katika miaka iliyofuata, Wapemba wa kila hali nao walianza kutoka: wengine Unguja mjini, wengine Tanga, Mombasa na Dar es Salaam kufungua maduka, wengine Oman na nchi nyengine za Ghuba. Wapo waliotoka kutafuta riziki, na wapo waliotoka kwa sababu ya siasa, kama wale waliokimbilia Shimoni, Kenya, baada ya machafuko ya Januari 2001.

Hapo njia ikageuka. Zamani mtu wa mjini alikuwa na nyumba ya pili shamba, akenda kuvuna. Sasa mtoto wa shamba anaishi mjini, na nyumba ya pili ni ile aliyozaliwa, au aliyoijenga pembeni yake tofali kwa tofali kila alipopata pesa. Haendi kuvuna. Anakwenda kuswali Idd, kuoza, kuzika na kuzuru makaburi ya wazee.

Pwani ya Unguja, Nungwi au Paje, nyumba ya pili mara nyingi ni ya mgeni aliyekodishwa ardhi kwa muda, nayo hukodishwa watalii. Nyumba yetu ya Pemba haikodishwi. Imejengwa kwa ajili ya kurudi.

Na kurudi huko kuna gharama. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, kama siku kumi tu baada ya Idd el-Fitri, meli ya Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Zaidi ya miili 200 ilipatikana, na wengi hawakuonekana tena. Mwenyezi Mungu awarehemu. Kuna nyumba Pemba ambazo wenyewe hawakufika kuzifungua.

Nyumba ni ya nani?

Sasa nifike ninapotaka kufika. Uliza katika ukoo wowote: ile nyumba ya Pemba ni ya nani? Utajibiwa, "Ni yetu sote." Jibu tamu, ila lina hatari yake. Dada ametuma pesa za mabati kutoka Maskati, mwengine amelipa fundi wa choo, mama ameuza dhahabu yake ukuta ukamalizika. Baba akifariki, nyumba inakaa miaka bila kugaiwa, na anayekuja kuitwa mwenyewe ni kaka aliyebaki karibu. Dada anakuwa mgeni wa Idd katika nyumba aliyoiezeka.

Surat An-Nisaa, aya ya 7, imeeleza wazi kuwa wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Aya ya 11 na ya 12 zimetaja mafungu yenyewe: binti nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, mjane thumni ikiwa marehemu ameacha watoto. Si hisani ya kaka. Na kwetu miti inaweza kuwa na mwenyewe mbali na ardhi, kwa hiyo mikarafuu na minazi nayo ihesabiwe. Isipotee ndani ya neno "shamba".

Kwa hiyo, bi harusi, kabla ya kurudi mjini baada ya harusi yako, kaa na wazee barazani uulize kwa adabu: nyumba hii imeandikwa jina la nani, na nani alichangia nini? Baba akitaka kukupa chumba au kiwanja angali hai, basi iwe hiba kamili: iandikwe mbele ya mashahidi na ukabidhiwe. Ukoo ukitaka nyumba isiuzwe kamwe, iwekwe wakfu. Wapo wanawake wa Zanzibar waliofanya hivyo zamani kwa nyumba na mashamba yao. Na mirathi ikichelewa, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo kwa kazi hiyo. Kuuliza si kukosa adabu, wala kudai haki yako si kuvunja udugu. Udugu huvunjika zaidi mambo yanapofichwa.

Idd hii, ukishafungua madirisha na kutandika mkeka ukumbini, mwambie mama akutajie majina ya wote walioijenga nyumba ile. Yaandike. Kisha waombeeni dua walio hai na waliotangulia.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu, za huku na za huko. Amin.