Talaka katika sheria ya Mayahudi na mwanamke "aliyefungwa"

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Mayahudi ni katika Ahlul Kitab. Sheria yao, Halakha, imejengwa juu ya Taurati waliyonayo na maelezo ya wanavyuoni wao yaliyokusanywa katika Mishna na Talmud.

Ndoa. Mume humpa mke kitu chenye thamani, siku hizi pete, mbele ya mashahidi wawili. Huandikwa hati iitwayo ketuba, inayomlazimu mume kumlisha mkewe, kumvisha na kumtimizia haki ya unyumba. Hutajwa pia fedha atakazolipwa akiachwa au akifiwa: kwa asili, zuz 200 kwa bikira na 100 kwa mjane. Ni mfano wa mahari ya kuakhirishwa.

Wake wengi. Taurati haikukataza. Mayahudi wa Ulaya walizuiwa na amri inayonasibishwa kwa Gershom wa Mainz, Ujerumani, karibu na mwaka 1000. Wa Yemen waliendelea kuoa zaidi ya mmoja.

Talaka. Haipiti kwa kutamka. Mume huamrisha iandikwe hati, get, kwa ajili ya mke huyo tu, kisha mke akabidhiwe mkononi mbele ya mashahidi. Hungoja kiasi cha miezi mitatu kabla ya kuolewa tena. Akiolewa na mwengine kisha akaachika, harejei kwa mume wa kwanza. Kwetu ni kinyume: aliyeachwa talaka tatu harejei mpaka kwanza aolewe na mwengine.

Aguna. Mume akikataa kutoa get, au akapotea, mke huitwa aguna, yaani aliyefungwa. Hawezi kuolewa, na akizaa na mwanamme mwengine, mtoto hubeba hukumu nzito katika ndoa zake. Musa bin Maimun, aliyefariki Misri mwaka 1204, aliona mahkama imlazimishe mume anayepaswa kuacha mpaka aseme ameridhia. Israel, sheria ya mwaka 1995 inaruhusu kumnyima pasipoti na leseni, hata kumfunga jela. Lakini mahkama haiachi badala yake.

Kwetu. Mwenyezi Mungu, katika Suratun Nisaa aya ya 129, amekataza kumuacha mke kama aliyetundikwa. Sheria imeweka khului, na faskhi kwa kadhi, kwa masharti yake.

Juu ya hayo, wapo waume visiwani wanaosafiri, nafaka hawaleti, talaka hawatoi, wakisema "atakaa hivyo hivyo mpaka azeeke." Hiyo ni dhulma, na mwenye kuitenda hana udhuru wa sheria. Mzazi mwenye binti wa hali hii asimwambie asubiri tu miaka. Amfikishe kwa kadhi, pamoja na cheti cha ndoa na mashahidi.

Wallahu aalam.