Kengele ya Moshi na Imani ya Watu

Wahenga wetu walisema kwamba pafukapo moshi pana moto. Neno hilo ni kweli, lakini halikutaja ni moto wa namna gani. Moshi hufuka jikoni mama akaangapo samaki, hufuka katika chetezo cha ubani, na hufuka vilevile paa la nyumba linapoungua. Mtu aliye macho hupambanua mara moja. Lakini katika karne ya ishirini binadamu alibuni chombo kisichokuwa na macho wala akili, akakitundika darini, akakipa kazi ya kukesha wakati yeye amelala. Natutazame basi, ewe msomaji, jinsi mlinzi huyo alivyopatikana, kwa nini mara nyingi hupiga kelele bure, na hasara iliyowapata watu walioacha kumsadiki.

Hapo kale wavumbuzi walitafuta kuhisi joto, wala si moshi. Mwaka wa 1890 Francis Upton, ambaye alikuwa amefanya kazi pamoja na Thomas Edison, yeye na mwenzake Fernando Dibble walipewa hati ya serikali ya Marekani ya kulinda uvumbuzi wao wa kengele ya moto iendeshwayo kwa umeme. Kengele kama hiyo ilikuwa na upungufu mmoja, kwamba yangoja joto, na joto huchelewa. Moto wa usiku aghalabu huua kwa moshi kabla ndimi zake hazijafika kitandani, na pua ya mtu aliyelala si ya kutegemewa kumwamsha.

Njia ya kuhisi moshi wenyewe ilipatikana kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1930, huko Uswisi, mtaalamu wa fizikia aitwaye Walter Jaeger alikuwa akijaribu kutengeneza chombo cha kutambua gesi ya sumu. Alitumaini kwamba gesi ikiingia ndani ya chombo itashikamana na chembe za hewa zilizotiwa umeme, na mkondo wa umeme utapungua. Alijaribu, asione badiliko lolote. Yasimuliwa kwamba alipokata tamaa aliwasha sigara, na punde si punde akaona mshale wa kipimo umesogea. Moshi wa sigara ulifanya kazi ambayo sumu ilishindwa kuifanya. Mwenzake, Ernst Meili, aliendeleza jambo hilo, na mwaka wa 1941 ikaanzishwa kampuni ya Cerberus, iliyopewa jina la mbwa mwenye vichwa vitatu ambaye, katika ngano za Wayunani, alilinda mlango wa kuzimu.

Hebu fikiri kidogo. Moshi uliomstaajabisha Jaeger haukuwa wa nyumba iunguayo, bali wa sigara ya mtu aliyeketi salama. Tangu kuzaliwa kwake, basi, chombo hiki hakikujua tofauti ya moshi wa hatari na moshi wa kawaida.

Vyombo vya kwanza vilikuwa ghali, vikafungwa viwandani na katika majumba makubwa. Katika miaka ya 1960 Duane Pearsall, mtu wa Colorado nchini Marekani, alitengeneza kengele ndogo ya bei nafuu, yenye betri yake, ambayo mwenye nyumba aweza kuifunga mwenyewe. Kutoka katikati ya miaka ya 1970 kengele hizo zilitengenezwa kwa wingi, na sheria za mahali pengi zikaamuru ziwekwe majumbani. Vifo vya moto wa nyumbani nchini Marekani vimepungua kwa karibu nusu tangu mwishoni mwa miaka hiyo. Sababu ni nyingi, lakini hapana shaka kengele ya moshi ni mojawapo.

Sasa na tuulize, kwa nini mlinzi huyu hudanganya? Kengele za moshi ni za aina mbili kubwa. Ndani ya aina ya kwanza, iliyotokana na kazi ya Jaeger na Meili, mna chembe ndogo mno ya kitu kiitwacho amerisiamu, ambacho hutoa mnururisho daima. Mnururisho huo huitia hewa umeme, na moshi ukiingia huupunguza mkondo, kengele ikalia. Aina hii ni nyepesi kutambua moto wenye ndimi, kwani moshi wake una chembe ndogo sana. Lakini mafuta ya kukaangia na mkate unaochomwa hutoa chembe kama hizo hizo. Aina ya pili hutumia nuru. Mwale hupita katika chumba kidogo chenye giza, na moshi ukiingia huutawanya mwale huo, sehemu ya nuru ikaangukia jicho la umeme. Hii ni bora kwa moto unaofukuta polepole, kama wa godoro lililoangukiwa na kipande cha sigara, tena haisumbuliwi sana na mapishi. Hata hivyo, vumbi, mvuke wa maji ya moto, na hata buibui aingiaye ndani, huweza kuzidanganya zote mbili.

Uongo wa kengele si usumbufu mdogo. Katika vijiji vya Alaska, ambako nyumba nyingi ni ndogo na jiko halipo mbali na vitanda, wataalamu walilinganisha aina hizo mbili, wakatoa habari zao mwaka wa 2000. Baada ya miezi 6, nyumba 92 katika kila 100 zenye aina ya kwanza zilikuwa zimekwisha sikia kelele za bure. Katika zile za aina ya pili zilikuwa 11 tu. Tena kengele 19 katika kila 100 za aina ya kwanza zilikutwa zimekatwa zisifanye kazi, ilhali za aina ya pili zilikuwa 4. Waliozikata hawakuwa wajinga. Walichoshwa.

Mwaka huo huo wa 2000, tarehe 19 Januari, dunia ilipata fundisho chungu zaidi. Katika bweni la Boland Hall la Chuo Kikuu cha Seton Hall, New Jersey, kengele ililia kabla ya mapambazuko. Tangu Septemba iliyotangulia ilikuwa imelia bure mara 18, na mara nyingi wanafunzi walikuwa wametoka nje katika baridi kwa ajili ya si kitu. Usiku ule wengi wao waliusikia mlio wakadhani ni yale yale. Wengine wakajifunika blanketi. Lakini safari hii moto ulikuwapo, umewashwa katika sebule ya ghorofa ya tatu. Vijana 3 walikufa, na wengine zaidi ya 50 waliumia. Kengele ilifanya kazi yake sawasawa usiku ule. Kilichokuwa kimeharibika ni imani ya watu.

Dawa ya kengele inayosumbua, basi, ni kuitengeneza, si kuinyamazisha. Kama kwenu ipo, au itakapokuwapo, fanya hivi. Ikilia bure, fungua madirisha upunge moshi, au bonyeza kitufe cha kuituliza kama inacho. Usiitoe betri ukasahau kuirudisha. Ikilia kila siku ya mapishi, ihamishe. Yafaa iwe mbali na jiko kwa mita 3 au zaidi, wala isiwe karibu na mlango wa bafu. Ipanguse vumbi mara kwa mara. Ijaribu kila mwezi kwa kubonyeza kitufe chake, na betri ya kawaida uibadilishe kila mwaka. Ukisikia mlio mfupi unaorudiarudia, kama wa kifaranga, huo si uongo: yakuambia kwamba betri yaisha. Na itimizapo miaka 10, iondoe uweke mpya, kwa sababu hata mlinzi mwaminifu huzeeka.

Yawezekana utasema, "Haya ni mambo ya Uswisi na Marekani." La hasha. Mwaka wa 2001 moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, katika Machakos, wakafa wavulana zaidi ya 60. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni, unaotaka mabweni yawe na milango ya kutosha, madirisha yasiyo na vyuma, vizima-moto na kengele za moto. Vitu hivyo vyaweza kununuliwa kwa fedha. Lakini hakuna duka liuzalo imani. Mwanafunzi apigaye kengele kwa mzaha, au apigaye ukelele wa "Moto!" ili awacheke wenziwe wakikimbia, anaitumia imani ambayo si mali yake peke yake, na ikiisha, hatakuwapo wa kuirudisha usiku itakapohitajika.

Kwa hiyo, msomaji wangu, usikiapo kengele, ondoka kwanza, ndipo uulize. Ikionekana kwamba ilidanganya, usiikasirikie ukaing'oa. Tafuta sababu, uiondoe, kisha uirudishe mahali pake. Ni afadhali kuamshwa bure mara kumi kuliko kutoamshwa mara moja.