Subira ya Vittorio Sella

Subira huvuta heri, walinena wahenga. Kwa mpiga picha wa milima ya theluji, subira ndiyo kazi yenyewe. Vittorio Sella, aliyezaliwa Biella, Italia, mwaka 1859, aliijua kazi hiyo tangu ujanani, alipopanda milima ya Alpi na kamera nzito na vioo vya sentimita 30 kwa 40, kila kimoja kikitosha picha moja tu.

Mwaka 1906 aliandamana na mwanamfalme Luigi Amedeo hadi Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Wapagazi wa Kikonzo waliwabebea mizigo kupitia matope na misitu yenye ukungu. Mwanamfalme alitafuta vilele, na tarehe 18 Juni akakifikia kile cha Margherita, chenye mita 5,109. Sella alitafuta mwanga. Milima ile hujifunika mawingu siku nyingi za mwaka. Ilimlazimu mpiga picha kutega kamera na kungoja, huenda pazia likafunuka kwa dakika chache.

Dakika hizo leo ni ushahidi. Wanasayansi hulinganisha barafu iliyomo katika picha zake na mwamba mtupu wa sasa: eneo lililozidi kilomita sita za mraba limebaki chini ya moja. Sella alifariki mwaka 1943. Kijana wa Kikonzo atakaye kujua babu zake walikuwa wakitazama nini walipoinua macho, hana budi kuziendea picha za Mtaliano yule.